Mwanangu, kuhusu vile viatu vya mgeni

Mwanangu,

Meseji yako niliiona juzi usiku nikasema hii sijibu kwa haraka, ngoja nyumba itulie niandike vizuri. Umeuliza kama kweli ni wewe ndo ulimletea mgeni viatu vyake ili aondoke au ni kaka yako, maana kila mkikutana anaisimulia kama yake na wewe unabaki unamwangalia tu. Na umesema yote haya yamekujia baada ya mwanao kumuuliza bosi wako mbele za watu tumbo lake litazaa lini. Nimecheka mpaka baba yako katoka chumbani kuuliza kuna nini, nikamsomea, akarudi ndani anacheka peke yake.

Jibu ni wewe. Ulikuwa na miaka mitatu na miezi kidogo, wakubwa zako wote watatu wako shule na mapacha wamelala. Mgeni alikuwa mtu wa kazini kwa baba yako, mtu mzuri tu ila yule akikaa amekaa. Na mimi kosa langu nilikuwa nimekunong'oneza kwamba mgeni akiondoka tutatoka nje tukacheze, basi ukasubiri, ukasubiri, ukaniangalia mara mbili, afu ukaenda mlangoni. Ukarudi umevikumbatia viatu vyote viwili kifuani, vikubwa hata mbele huoni, ukaviweka chini mbele ya miguu yake, cha kulia umekiweka kushoto, ukavigeuza ncha zielekee mlangoni, ukachuchumaa ukalegeza kamba kabisa. Ukasimama ukamwambia, "Vaa, mi nakusubiri." Hayo mengine ya kusema eti mama kakuchoka wameongeza wenzio, na wala hawakuwepo. Mgeni alicheka sana, akavaa, akaaga. Mimi ndo nilitamani sakafu inimeze.

Ila kaka yako hadanganyi, usimkasirikie. Mtu mzima ni nadra sana kukumbuka jambo la kabla ya miaka mitatu, na la miaka mitatu minne unakuta ni vipande vipande tu, kwa hiyo hata wewe unayoiona kichwani sio siku yenyewe, ni vile tulivyokuwa tunaisimulia mezani kila mwaka. Yeye kaisikia mara mia, kaona viatu, kaona mlango, kajiweka humo. Watoto saba mwanangu, masweta yalikuwa yanashuka kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu, hadithi nazo zilishuka hivyo hivyo.

Na yeye anayo ya kwake ila hii haisimulii! Alikuwa na miaka minne, baba yenu kasafiri, kapiga simu anaongea na mmoja mmoja. Zamu yake ikafika, baba anamuuliza umeshaoga, anatikisa kichwa. Unasikia? Anatikisa kichwa. Baba huku anasema haloo haloo, yeye anazidi kutikisa kwa nguvu akidhani labda haonekani vizuri. Afu akakumbuka ana kidonda gotini, akakunja suruali akabandika simu kwenye goti, "Baba ona." Baba yenu alisikia kukwaruza tu akajua simu imeharibika.

Wakati nasomea ualimu wa chekechea ndo nikaja kuelewa kwamba ule haukuwa ujinga. Kuna Mswisi mmoja, Jean Piaget, amezaliwa 1896 amefariki 1980, alikaa anawachunguza watoto wake mwenyewe anaandika wanachosema na wanachofanya, akaona mtoto mdogo bado hajui kwamba wewe unachokiona sio anachokiona yeye. Ndo maana anaziba macho yake anasema hamnioni. Piaget alikuwa na watoto watatu tu, mimi nilikuwa na saba na sikupata hata muda wa kuandika.

Lile jaribio la Piaget la maji, la kumimina maji yale yale kwenye glasi zenye umbo tofauti na kumuuliza mtoto wapi kuna mengi, nililifanya bila kujua, kwa mapacha. Juisi sawasawa kabisa, mmoja glasi pana fupi, mwenzie glasi nyembamba ndefu, wa glasi fupi akalia mpaka kakauka sauti kwamba mwenzie kapewa nyingi. Nikachukua ile ya kwake nikaimimina mbele ya macho yake kwenye glasi nyingine ndefu, akafuta machozi akasema "eeh, sasa umeniongeza." Mpaka kwenye miaka saba hivi wengi wako hivyo, wanaangalia urefu tu. Nikaamua kununua vikombe vya aina moja rangi moja, unafikiri iliisha? Wakaanza kugombea cha nani kimewekwa mezani kwanza.

Dada yako mkubwa ndo alituachia lile neno "vyupa" ambalo hadi leo baba yenu analitumia bila kujua kama anakosea. Nilimtuma chupa mbili akaniletea akasema vyupa viwili hivi hapa. Watu wakamcheka, mimi sikucheka, maana hakuna aliyemfundisha, kasikia choo vyoo, chumba vyumba, chakula vyakula, kajitengenezea kanuni kichwani mwenyewe. Tatizo ni letu sisi na maneno yetu yasiyofuata foleni.

Na kitinda mimba, unajua mimi nikimwita mtu nilikuwa naanza na majina ya wote mpaka nilifikie lake. Siku ya kwanza chekechea mwalimu anamuuliza unaitwa nani, akamtajia yenu yote kwa mpangilio, akaweka na la paka, ndo akamalizia na lake. Mwalimu kauliza tena taratibu, akarudia vile vile, paka hakumruka. Akaulizwa na wewe ni wa ngapi kwenu, akajibu wa mwisho kuoga.

Sasa huyo mjukuu wangu usimgombeze. Si wewe ndo ulimwambia tumbo lako kubwa lina mtoto ndani? Yeye kaona tumbo kubwa, kauliza tarehe. Mwambie taratibu mkiwa wawili kwamba maumbile ya watu hatuyasemi mbele yao tunauliza nyumbani, na jitahidi usicheke akiwepo, maana mtoto akishajua anachekesha atairudia kwa kila bosi. Bosi wako naye mwombe radhi mara moja basi, ukirudia rudia unamkumbusha tumbo lake.

Alichokisema kiandike leo leo, na jina lake na tarehe. Mimi niliandika moja tu maishani, na ni hiyo ya viatu, nyuma ya kadi yako ya kliniki kwa penseli kwa sababu ndo karatasi iliyokuwa karibu. Nimeitafuta jana nimeipata, imefifia ila inasomeka. Picha sikutumii, na kaka yako usimwambie kama ipo. Mkija wote mwache aanze kuisimulia mwenyewe mpaka afike pale pa kamba za viatu, mi kadi nitakuwa nayo mfukoni.

Mama yako