Video za 4K zinakwama: ninunue kadi ya picha?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani iliyokuwa ya ofisini, Core i5-4570, RAM gigabaiti 8 na diski ya terabaiti 2. Nimeiweka chini ya televisheni ya 4K, nikaiunga kwa HDMI, kisha nikaweka Jellyfin, programu ya kugawa video kwa vifaa vya nyumbani, ili watoto na mama yao waangalie pia kwenye simu na tableti. Filamu nilizonakili kutoka DVD zangu zinakwenda vizuri. Lakini video za familia ninazopiga kwa simu kwa 4K, pamoja na nakala za Blu-ray ya 4K, zinakwama kila baada ya sekunde chache, na feni inavuma hadi hatusikii maneno. Rafiki mmoja anasema ninunue kadi kubwa ya picha, mwingine anasema niongeze RAM ifike 32. Nimsikilize nani? Pia nataka kuweka diski mbili kwa RAID, yaani zikiakisiana, ili picha za familia ziwe salama. Mtoto alishawahi kufuta folda nzima kwa bahati mbaya.

JIBU: Ndugu yangu, kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Huyo wa RAM tumalizane naye mapema: gigabaiti 8 zinakutosha, ugonjwa hauko huko. Huyo wa kadi ya picha amekaribia, ila anakupeleka kwenye gharama ambayo huenda huihitaji.

Tuanze na prosesa. i5-4570 ni ya kizazi cha nne cha Intel, ilitoka 2013, mwaka uleule kiwango cha kubana video cha HEVC, ambacho wengi hukiita H.265, kilipopitishwa. Ndani ya prosesa hizo kuna sehemu maalumu ya kushughulikia video, Intel wanaiita Quick Sync. Ya kizazi chako inaifahamu mibano ya zamani zaidi, H.264 na ile MPEG-2 ya kwenye DVD, ndiyo maana DVD zako hazikusumbui. HEVC haiijui. Na simu nyingi siku hizi zikipiga 4K huhifadhi kwa HEVC ili kubana nafasi. iPhone zilianza hivyo na iOS 11 mwaka 2017. Blu-ray za 4K nazo ni HEVC, tena ya biti 10.

Sasa faili kama hilo likifika, ile sehemu maalumu inakaa pembeni na mzigo wote unaangukia viini vinne vya kawaida. Fremu moja ya 4K, yaani picha moja ya video, ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. Kama simu yako inapiga fremu 60 kwa sekunde, hizo ni karibu pikseli nusu bilioni za kukokotoa kila sekunde inayopita. Hiyo feni unayoisikia ndiyo kilio cha kazi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza lakini lipo. HDMI ya mashine hiyo haivuki Hz 30 kwenye 4K, yaani picha 30 kwa sekunde. Kwa hiyo hata prosesa ingeweza, video ya fremu 60 ingetoka na nusu ya fremu zake.

Hapa ndipo watu hukimbilia dukani. Subiri kidogo. Mashine yako moja umeipa kazi mbili ambazo hazifanani kabisa: kutunza na kugawa mafaili, na kuyaonyesha kwenye televisheni. Ya kwanza ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Blu-ray ya 4K kwa kawaida haizidi megabiti 128 kwa sekunde, na hizo ni megabaiti 16 tu. Diski ya kawaida ya inchi 3.5 inasoma zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Kompyuta yako hiyohiyo, kuukuu ilivyo, inaweza kuhudumia watazamaji kadhaa kwa wakati mmoja bila feni kupandisha sauti, mradi isiambiwe kugeuza chochote. Kazi inayoishinda ni ya pili, na ya pili si lazima ifanywe na yeye.

Ndani ya Jellyfin, na ndani ya mwenzake Plex pia, faili linaweza kumfikia mtazamaji kwa njia tatu. Chukulia ni barua. Njia ya kwanza ni kuikabidhi ilivyo, na bahasha yake. Ya pili ni kubadilisha bahasha tu, mathalani kutoka MKV kwenda MP4, maandishi ya ndani yasiguswe. Hiyo nayo ni kazi ndogo. Ya tatu ni kuifungua, kuifasiri neno kwa neno kwa lugha nyingine, kuifunga upya na kuituma, huku msomaji amesimama mlangoni anasubiri. Hiyo ya tatu ndiyo inayoua mashine. Na mara nyingi seva hulazimishwa kuifanya kwa sababu ndogo mno.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambako malalamiko yalikuwa hivi: "Bibi akija tu, filamu zinakwama." Nilicheka, nao wakacheka, lakini ilikuwa kweli. Siku za kawaida seva ilitulia kimya. Bibi akifika, kwa kuwa masikio yake yamechoka, wajukuu walimwashia manukuu. Manukuu yaliyokuja na nakala zile za Blu-ray ni ya aina ya PGS, na hayo si maandishi bali ni vipicha. Kifaa chao cha kuchezea hakikuweza kuviweka juu ya video, kwa hiyo seva ilibidi ivichore ndani ya kila fremu na kusimba filamu nzima upya. Nilifungua orodha ya matumizi ya prosesa: asilimia 98. Nikabadilisha kuwa manukuu ya SRT, ambayo ni maandishi matupu: asilimia 3. Filamu ileile, seva ileile, na Bibi yuleyule. Wao pia walikuwa wameshashauriwa kununua kadi ya picha.

Kwa hiyo leo jioni fanya hivi kabla ya kutoa hata senti. Weka video inayokwama icheze, kisha kwenye simu fungua dashibodi ya Jellyfin kwa akaunti ya msimamizi. Utaona kisanduku cha kila kifaa kinachotazama. Bonyeza alama ya maelezo iliyopo hapo; itakuambia kama faili linachezwa moja kwa moja au linageuzwa, na kama linageuzwa, kwa sababu gani: kodeki (aina ya mbano) ya video, kodeki ya sauti, manukuu, au kikomo cha kasi. Hicho cha mwisho kiangalie hasa kwenye simu na tableti. Programu ikiwekewa ubora wa chini kwenye mipangilio yake, seva itageuza kila kitu hata kama simu ingeweza kulipokea faili lilivyo. Sauti peke yake ikigeuzwa, kwa mfano mbano wa sauti wa DTS ambao televisheni nyingi haziupokei, usijali, ni kazi ndogo.

Kama hapo sebuleni unatazama kwa kivinjari, acha. Kivinjari ndicho mchezaji mbovu kuliko wote: MKV kwa kawaida hakitaki, na HEVC mara nyingi huikataa, hivyo kinailazimisha seva kufasiri hata mahali ambapo hapakuwa na haja.

Pendekezo langu ni kuitoa hiyo kompyuta chini ya televisheni. Ipeleke karibu na ruta, iunge kwa waya, ibaki kuwa seva tu. Televisheni yako ni ya 4K, na karibu kila televisheni ya 4K ya miaka ya karibuni inasimbua, yaani inafungua, HEVC yenyewe, kwa chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama inatumia Android TV au ni LG ya webOS, programu ya Jellyfin ipo kwenye duka lake la programu. Ipakue, ingia, jaribu zile video za simu. Kuna uwezekano mkubwa tatizo liishe hapo bila kununua kitu. Ila jihadhari na mtego mmoja: soketi ya mtandao nyuma ya televisheni nyingi ni ya megabiti 100 tu, hata za bei kubwa. Nakala ya Blu-ray ya 4K yenye vipande vinavyofika megabiti 120 kwa sekunde itakwama kwenye waya huo, halafu ipite vizuri kwenye Wi-Fi ya GHz 5. Nimeona watu wakibadilisha waya mara tatu kwa kosa ambalo si la waya.

Televisheni ikiwa inakwenda taratibu au haina programu hiyo, nunua kichezeshi kidogo cha kuchomeka HDMI, hakikisha kimeandikwa kinasimbua HEVC ya biti 10 kwa 4K. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, ikiwekewa mfumo wa kuchezea video wa LibreELEC, nayo inafanya kazi hiyo vizuri, na ina kitu ambacho kompyuta za kawaida hazina: inasikiliza rimoti ya televisheni kupitia waya uleule wa HDMI. Kwa nyumba yenye watoto na wageni, hiyo ina thamani kuliko nguvu ya prosesa. Hakuna anayetaka kutafuta kipanya gizani. Ukitumia Kodi, programu ya kuchezea ambayo ndiyo moyo wa LibreELEC, washa mpangilio wa kulinganisha Hz za skrini na fremu za video. Filamu nyingi ni fremu 24, na skrini ya Hz 60 huzionyesha kwa mruko mdogo ambao ukishauona mara moja hutaacha kuuona.

Na ikiwa dashibodi itakuonyesha kwamba kugeuza hakuepukiki, labda kwa sababu mnatazama mkiwa mbali kwa intaneti dhaifu, hapo ndipo ubadilishe mashine, na bado si kwa kadi kubwa. Tafuta prosesa ya Intel ya kizazi cha saba au zaidi, maana kuanzia hapo Quick Sync inaijua HEVC ya biti 10. Ukitaka na AV1, mbano mpya zaidi wa video, isimbuliwe, ni kuanzia kizazi cha 11. Kompyuta ndogo zenye N100, prosesa ya mwaka 2023 ambayo Intel wameipa kiwango cha wati 6, zinafanya kazi hii kwa utulivu wa ajabu. Kwenye prosesa za mezani epuka majina yanayoishia na F. Hizo hazina sehemu ya picha, na bila hiyo hakuna Quick Sync. Ukiwa kwenye Linux na umeshawasha usaidizi huo kwenye mipangilio lakini prosesa bado inapanda hadi 100, angalia kama mtumiaji anayeendesha Jellyfin ana ruhusa ya kufikia sehemu ya picha, /dev/dri/renderD128. Mara nyingi amesahauliwa nje ya kundi la watumiaji linaloitwa render.

Kadi kubwa ya picha ningeiacha kwa sababu moja zaidi: seva haizimwi. Wati 60 mchana na usiku kwa mwaka ni karibu yuniti 526 za umeme. Wati 10 ni yuniti 88. Hesabu mwenyewe kwa bei unayolipa.

Sasa RAID, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko kote. Diski mbili zinazoakisiana zinakukinga na jambo moja tu: diski moja kufa. Mtoto akifuta folda, inafutika kwenye zote mbili sekunde ileile. Umeme ukipiga, unazipiga zote mbili. Mwizi akibeba kasha, kabeba zote mbili. Filamu hazinisumbui, maana diski zake unazo na utanakili tena ukipenda. Picha na video za watoto hazina pa kunakiliwa. Kwa hiyo zitenganishe: folda ya filamu, na folda ya familia. Hii ya familia iwe na nakala kwenye diski ya nje ambayo unaichomeka wakati wa kunakili kisha unaichomoa, na nakala nyingine ikae nje ya nyumba, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyofungwa kwa nenosiri. Kila baada ya miezi michache chukua faili mojamoja kutoka kwenye nakala na ulifungue. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu. Fedha uliyotenga kwa kadi ya picha, anza na hiyo diski ya nje.

Na huyo mdogo aliyefuta folda, usimlaumu, aliachiwa mlango wazi. Fungulia kila mtu akaunti yake kwenye Jellyfin, na kwenye za watoto hakikisha ruhusa ya kufuta haijawekwa alama. Kisha mfumo uipe Jellyfin yenyewe haki ya kusoma tu kwenye folda ya familia. Ukifanya hivyo, atakayebonyeza kitufe cha kufuta, mtoto au mtu mzima aliyesinzia na rimoti mkononi, atajibiwa kwamba haiwezekani.