Re: Bando la GB 5 linaisha usiku mmoja nikiunganisha laptop kwa hotspoti ya simu

Kabla ya kuulaumu mtandao, angalia laptop. Windows ikiona hotspoti mara nyingi inadhani ni Wi-Fi ya kawaida, haijui kwamba unalipia kila MB. Basi inashusha masasisho yake, OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) inapandisha picha, na wewe umefungua barua pepe mbili tu.

Kwenye Windows 11 fungua Settings, Network & internet, Wi-Fi, kisha bonyeza properties za hotspoti uliyojiunga nayo. Washa "Metered connection", yaani mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Masasisho mengi yatasimama, na OneDrive kwa kawaida itajisitisha yenyewe. Yale ya dharura ya usalama bado yanaweza kupita, na hayo yaache yapite. Angalizo: mpangilio huu unashikamana na jina la hotspoti. Ukibadilisha jina, au ukitumia simu ya mwenzako, unaanza upya. Hapo ndipo wengi wanaponaswa.

Programu kama Steam (ya michezo) na Google Drive usizitegemee zitii mpangilio huu. Zisitishe kwa mkono.

Ukitaka kujua mla bando ni nani, rudi Network & internet, Advanced network settings, Data usage. Utaona kila programu ilivyotumia kwa siku 30, na hapohapo unaweza kuweka kikomo. Ikiwa jumla ya laptop pamoja na ya simu yenyewe (bila kuhesabu hotspoti mara mbili) iko mbali sana na makato uliyopata, sasa una hoja ya kuwapigia huduma kwa wateja. Piga picha za skrini kwanza.