Jibu: Sanamu ya marehemu kwa picha moja ya pasipoti

Ndugu, umeuliza utapataje umbo la uso wa ubavuni wakati mteja kakuletea picha moja tu ya babu yake, tena ya kutazama mbele. Kwenye picha hiyo hutalipata. Omba watoto na wajukuu wapigwe picha za ubavu, kisha wazee wa familia wakuambie nani karithi pua yake na nani kidevu.

Hakikisha picha haikugeuzwa ilipochapishwa: vifungo vya shati la kiume huwa upande wa kulia wa mvaaji. Umbali kati ya mboni za mtu mzima ni kama milimita 63. Udongo ukisinyaa asilimia 10 hadi kuchomwa, anza na 70. Pima kwanza udongo wako unavyosinyaa kwa kuchoma kipande.

Kinachoharibu kazi nyingi ni kuiga kivuli. Taa ya studio ikitoka juu, macho huonekana yamezama sana, na mchongaji huchimba mashimo yasiyokuwepo. Weka taa upande uleule ilikotoka kwenye picha, uimulike sanamu. Vivuli vikilingana, umbo limekaa sawa. Vilevile, kamera ikiwa karibu sana hukuza pua na kupunguza masikio, kwa hiyo masikio usiyapime hapo.

Mwite mteja aone udongo ungali mbichi. Akiridhika, subiri ugangamale kidogo, kata utosi kwa waya, komba ndani ubaki unene wa sentimita 2 hadi 3, kisha urudishe utosi kwa uji wa udongo. Ukichomwa ungali na unyevu, mvuke utaupasua.