Karl Lindner Hakuja na Rungu

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: je, upendeleo wa watu weupe tunaokutana nao katika fasihi ya Marekani ni kumbukumbu ya zamani, au bado ni hali ya maisha ya nchi ile? Jibu langu ni kwamba bado upo, na shahidi wangu mkuu ni mhusika mmoja mpole, mwenye suti na kofia mkononi, ambaye hamtukani mtu wala hampigi mtu.

Mhusika huyo ni Karl Lindner, wa tamthilia ya Lorraine Hansberry iitwayo A Raisin in the Sun, iliyofika jukwaa la Broadway, New York, mwezi Machi 1959. Akina Younger, familia ya Wamarekani weusi, wamebanana katika vyumba vya kupanga upande wa kusini wa Chicago, na choo wanachangia na majirani. Baba amefariki, na bima ya maisha yake imeleta hundi ya dola 10,000. Mjane wake, Lena, anatoa dola 3,500 ziwe kianzio, yaani malipo ya kwanza, cha kununulia nyumba katika mtaa wa Clybourne Park, ambako wanakaa Wazungu watupu. Kabla hawajahama, Lindner anabisha hodi. Anajitambulisha kuwa ametumwa na chama cha wakazi, anasifu bidii ya watu wa mtaa wake, anawahakikishia wenyeji wake kwamba suala la rangi halimo kabisa katika jambo lililomleta, kisha analitoa: chama kiko tayari kuinunua nyumba ile kutoka kwao, tena kwa faida, ili mradi wasihamie.

Kabla ya kustaafu nilikuwa nikipitia maombi ya mikopo ya nyumba katika benki, kwa hiyo pengine naisoma tamthilia hii kwa jicho la mtu wa hesabu kuliko la mhakiki. Wasomaji wengi huguswa zaidi na Walter Lee, mwana wa Lena, anayepoteza fedha iliyobaki kwa kumwamini rafiki tapeli. Mimi hurudi kila mara kwenye maneno machache ya Lena anapoutetea uamuzi wake: kwamba nyumba zinazojengwa kwa ajili ya watu weusi, huko mbali pembezoni, zote huonekana kuwa na bei mara mbili ya nyingine. Ni rahisi kuyachukulia maneno hayo kama manung'uniko ya mama aliyechoka, lakini ni hesabu yenye chanzo kinachojulikana.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, Mmarekani aliyetaka kukopa ili anunue nyumba alitakiwa kuwa na karibu nusu ya bei mkononi, na deni alipewa miaka michache tu kulimaliza. Mwaka 1934 serikali iliunda idara ya makazi, FHA, iliyozikatia benki bima dhidi ya hasara; kianzio kikashuka, muda wa marejesho ukarefuka, na mfanyakazi wa kawaida akaweza kumiliki nyumba. Lakini bima hiyo ilikuwa na masharti. Mtaa wenye watu weusi ulihesabiwa kuwa dhamana mbovu, hata kama wakazi wake walikuwa walipaji wazuri, na mwongozo wa idara ulipendekeza hati za nyumba ziwe na vifungu vya kuwazuia watu wa rangi nyingine wasikae humo. Shirika jingine la serikali lilichora ramani za miji zaidi ya 200, na mitaa ya watu weusi ikapakwa rangi nyekundu, ishara kwamba kukopesha huko ni hatari. Levittown, mji mpya ulioanza kujengwa karibu na New York mwaka 1947 na kufikia zaidi ya nyumba 17,000, ulikuwa na mikataba iliyokataza nyumba kukaliwa na mtu asiye Mzungu, ila watumishi wa ndani waliruhusiwa. Mwaka huohuo, katika miji 13 ya jimbo la Mississippi, askari waliorudi vitani walipata mikopo zaidi ya 3,200 ya nyumba, biashara na mashamba yenye dhamana ya serikali. Miwili tu kati yake ilikwenda kwa weusi.

Aliyefungiwa mlango wa benki huko Chicago aliangukia mikononi mwa walanguzi, waliomuuzia nyumba kwa mkataba wa malipo ya kila mwezi na kwa bei iliyopandishwa mara mbili au zaidi, huku hati ikibaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Akikosa kulipa mwezi mmoja angeweza kutolewa nje, na nyumba ikauzwa upya kwa mwingine. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona mkataba uliompa mkopeshaji raha kama hiyo.

Hansberry hakuyabuni haya kutoka hewani. Mwaka 1937, yeye akiwa na miaka saba, baba yake, Carl Hansberry, alinunua nyumba katika mtaa wa Wazungu Chicago. Kundi la watu lililizunguka jengo na kitu kizito kikarushwa ndani kupitia dirishani, nusura kimpate binti huyo. Mama yake alikesha akilinda nyumba na bastola. Kesi ya kutaka waondolewe ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1940 familia ilishinda, lakini kwa hoja ya utaratibu wa kesi tu, bila mahakama kugusa uhalali wa vifungu vile vya ubaguzi. Ilibidi kungoja hadi 1948 ndipo ikaamuliwa kwamba mahakama zisitumike kuvitekeleza, na sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika makazi ilitiwa saini Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Carl Hansberry alikwishafariki mwaka 1946 huko Mexico, alikokuwa akipanga kuihamishia familia yake.

Naona pia kwamba neno tunalolitumia linatupoteza kidogo. Sisi tukisikia upendeleo, tunamtafuta mjomba aliyeko ofisini: nani kampendelea nani, na kwa kujuana gani? Mmarekani mweupe anayeambiwa kuwa amependelewa hujitafuta mjomba wake huyo, hamwoni, akakasirika. Kweli hayupo. Kilichokuwepo ni ramani, mwongozo na kifungu katika hati, na vitu hivyo humfanyia kazi hata mtu asiyejua kuwa vipo. Na Mzungu maskini je? W. E. B. Du Bois, mwanazuoni Mmarekani mweusi, alilijibu hilo mwaka 1935, alipoeleza kwamba kibarua mweupe wa majimbo ya Kusini mwa Marekani, ingawa mshahara wake ulikuwa duni, alilipwa ujira mwingine wa heshima mbele za watu: polisi walitoka miongoni mwao, mahakama ziliwahurumia, na shule zao zilikuwa bora. Umaskini wake ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa na mlango uliofungwa kwa sababu ya ngozi.

Wanaosema mambo haya yamepita husahau kwamba nyumba hurithiwa. Uchunguzi wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 unaonyesha kwamba ukizipanga kaya za Wazungu kwa mali zao, ile ya katikati ina takriban dola 285,000 baada ya kutoa madeni. Ukizipanga kaya za weusi vivyo hivyo, ya katikati ina takriban 44,900. Mishahara peke yake haielezi pengo la namna hiyo.

Tamthilia inaisha wakati vyombo vinapakiwa kwenye gari, Walter Lee akiwa amekwishamkatalia Lindner fedha zake. Mwanawe, Travis, ana miaka kumi au kumi na mmoja. Angekuwa mtu wa kweli, leo angekuwa anakaribia 80. Nikiwa benki, ningetaka kuwaona wajukuu wake na wajukuu wa Lindner wakileta maombi siku moja, nikafungua ukurasa ule unaomtaka mwombaji aeleze kianzio chake kimetoka wapi.