Vinyweleo vya majani ya pamba: vina faida gani shambani?

Swali: Nalima pamba wilayani Maswa. Majani yake yana vinyweleo vingi, ukiyapapasa yanakwaruza kidogo. Humo humo shambani kuna mashina machache yenye majani laini yanayong'aa, na naona inzi weupe wanapenda zaidi yale yenye vinyweleo. Vinyweleo hivi vina kazi gani? Nikiweka mbegu, nichague mashina laini?

Jibu: Hapana ndugu mkulima, mashina laini usiyachague. Umeona sawasawa kuhusu inzi weupe, ila adui anayezuiwa na vinyweleo ni mwingine: chawa jani, yule mdudu mdogo wa kijani anayekimbia kiubavu ukigeuza jani.

Jike la chawa jani hatagi juu ya jani. Hutoboa mishipa ya upande wa chini na kuficha mayai ndani yake. Vinyweleo virefu vilivyosimama wima humzuia kufika kwenye ngozi ya jani, na wadogo wanaoanguliwa hupata shida kufyonza. Vinyweleo vifupi vilivyolala, hata viwe vingi, havitoi kinga hiyo. Hili lilijulikana tangu miaka ya 1920 huko Barberton, Afrika Kusini, ambako pamba laini ilikuwa ikiteketezwa na chawa jani hadi ikapatikana mbegu ya vinyweleo iliyoitwa U4. Watafiti wa Ukiriguru, Mwanza, walifuata njia hiyo hiyo, na aina zenye jina linaloanza na UK zimetokana na kazi yao.

Jipimie mwenyewe. Chuma jani la tatu au la nne kutoka kileleni, likunje juu ya kidole upande wa chini ukiwa nje, kisha utazame ukingo wake dhidi ya mwanga. Pembeni mwa mshipa mkuu vinyweleo vionekane vimesimama. Halafu kagua yale mashina laini: kama chawa jani wapo, kingo za majani zitakuwa za njano, kisha nyekundu, na jani litajikunja kuelekea chini. Wengi hudhani ni upungufu wa mbolea wakaongeza samadi, kumbe mdudu yupo chini ya jani.

Kinga hii ina mapengo. Majani mawili ya mwanzo hayana vinyweleo, na yanayofuata huwa navyo vichache, kwa hiyo mche mchanga hauna ngao. Anza kukagua wiki ya pili baada ya kuota, asubuhi mapema wadudu wakiwa wazito, mimea 20 hadi 30 kwa kupita shamba kwa zigizagi.

Kuhusu inzi weupe, wao hutaga juu ya ngozi ya jani, na vinyweleo huwapa maficho. Nondo wa funza wa vitumba naye hupenda kutaga kwenye majani ya namna hiyo kwa sababu yai hushika vizuri. Ndiyo maana shamba la vinyweleo bado linahitaji ukaguzi. Usikimbilie dawa za jamii ya pairethroidi mapema msimu: huua buibui na wadudu wengine wanaokula inzi weupe, nao inzi hurudi kwa wingi kuliko mwanzo. Ukilazimika kupuliza dawa ya kuchanganya na maji, elekeza pua ya bomba kutoka chini kwenda juu. Matone yakitua juu ya vinyweleo huning'inia bila kugusa jani, na upande wa chini wanakoishi wadudu hubaki mkavu.

Hasara nyingine iko kwenye uchumaji: vipande vya jani kavu lenye vinyweleo hung'ang'ania pamba na kushusha daraja lake. Chuma umande ukishakauka, toa pamba peke yake bila kuvuta majani makavu.

Tena, pamba unayouza nayo ni vinyweleo. Kila uzi ni seli moja ya ngozi ya mbegu. Huanza kuchomoza siku ua linapochanua, hurefuka kwa takriban wiki tatu, kisha kuta zake hunenepa hadi kitumba kikaribie kupasuka. Ukame wa wiki zile tatu hufupisha uzi. Ukija baadaye, uzi huwa mwembamba na dhaifu.

Vinyweleo vya jani na manyoya ya mbegu ni mambo mawili tofauti. Mbegu iliyothibitishwa ambayo manyoya yake yameondolewa kwa asidi isikutie shaka: majani yake yataota vinyweleo kama kawaida, na hiyo ndiyo ya kununua, kwa sababu mashina laini shambani kwako yanaonyesha kuwa mbegu uliyopanda imechanganyika.