Utulivu wa Darasa Huandaliwa Kabla ya Kelele

Walimu wapya wengi tunaliogopa darasa kuliko tunavyoliogopa somo. Somo umelisomea kwa miaka. Lakini watoto wa madawati ya nyuma wanapoanza kucheka na hujui wanacheka nini, hapo kitabu hakikusaidii. Ndipo mtu anapokimbilia kile anachokikumbuka tangu alipokuwa mwanafunzi: sauti kali, uso uliokunjwa, na onyo la wakubwa kwamba ukiwachekea watakupanda kichwani.

Mimi bado ni mgeni katika kazi hii, ila msimamo wangu umeshakaa. Darasa hutulia kwa sababu ya yaliyoandaliwa kabla ya kelele kuanza. Ukali unaokuja baada ya kelele hufanya kazi ndogo sana, na kesho yake unahitaji ukali zaidi kupata utulivu uleule.

Mtafiti wa Marekani, Jacob Kounin, alilichunguza jambo hili kwa kutazama masomo yaliyorekodiwa kwa video, na mwaka 1970 akachapisha aliyoyaona. Alianza kwa kutafuta namna bora ya kukemea. Akakuta kwamba namna ya kukemea haiwatofautishi walimu wenye madarasa tulivu na wale wanaosumbuliwa. Waliofanikiwa walitofautiana na wenzao katika yaliyotangulia: walijua kinachoendelea kila pembe na wanafunzi walijua kwamba mwalimu anaona, waliweza kushughulikia mambo mawili kwa pamoja, na somo lao lilisonga bila kukatikakatika.

Hilo la somo kukatikakatika ndilo ninalotaka mwalimu mpya alitazame kwanza. Chunguza kelele za darasani kwako zinazaliwa wakati gani. Kwangu huzaliwa kwenye mianya: daftari zinapogawiwa, ninapofuta ubao, wenye kasi wanapomaliza zoezi na wengine bado, tunapohama kutoka kusikiliza kwenda kwenye kazi ya vikundi. Mtoto asiye na la kufanya atajitafutia la kufanya, na huwezi kumlaumu. Kwa hiyo ninapoandika andalio la somo, naandika pia mianya hiyo. Wanapoingia wanakuta swali fupi ubaoni na wanajua wanapaswa kulianza bila kuambiwa. Daftari zinagawiwa na watu wa zamu wakati wengine wanaandika. Anayemaliza mapema anajua kazi yake inayofuata iko wapi. Maelekezo ya vikundi nayatoa kabla hawajanyanyuka, moja moja, kisha namwomba mwanafunzi mmoja ayarudie kwa maneno yake. Wakishanyanyuka, hakuna atakayekusikia.

Taratibu hizi hufundishwa kama somo lenyewe. Kutangaza siku ya kwanza kisha kutarajia kila mtu akumbuke ni kuwaonea watoto. Tunazifanyia mazoezi: jinsi ya kuingia, jinsi ya kuomba kutoka, jinsi ya kukusanya kazi. Ikiharibika, tunarudi mwanzo na kufanya tena bila hasira. Wiki za mwanzo unaona kama muda wa somo unapotea, na mwalimu wa taaluma anaweza kukuuliza mada imefika wapi. Vumilia. Muda huo unarudi katika vipindi vyote vinavyofuata.

Kuhusu macho, jifunze kuandika ubaoni ukiwa umesimama upande, usiligeuzie darasa mgongo mzima. Unapomsaidia mwanafunzi mmoja, simama mahali ambapo bado unawaona wengine. Na tembea! Mara nyingi ukimsogelea anayepiga soga huku ukiendelea kufundisha, ananyamaza kabla hujamtaja.

Akiendelea, nainama na kuzungumza naye kwa sauti ambayo jirani yake haisikii vizuri. Ukimkemea kijana mbele ya wenzake umemwekea mtego: akinyamaza ameaibika, akijibu amekuwa shujaa. Wengi watachagua ushujaa. Ukimwambia faraghani, amepata njia ya kurudi kwenye kazi bila kupoteza heshima yake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayolingana na utu wa mtoto. Naukubali kwa moyo wote. Fimbo siitumii. Adhabu ya darasa zima kwa kosa la mmoja siitumii pia, kwa sababu yule aliyekaa vizuri anajifunza kwamba kukaa vizuri hakumlindi. Wala sitoi hesabu au insha kama adhabu. Tunawezaje kumwomba mtoto apende kuandika baada ya kumwonyesha kwamba kuandika ni mateso?

Kuna jambo ambalo watu hawalihesabu kama nidhamu, nalo ni kimya baada ya swali. Mary Budd Rowe, mtafiti mwingine wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, kisha humpa mwingine au hujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Mtoto anayejua kwamba hatapewa muda wa kufikiri hujitoa mapema kwenye somo, na akishajitoa, anamgeukia jirani. Sekunde 3 ni ndefu mno ukiwa mbele ya watu. Zihesabu kimoyomoyo.

Msumbufu naye usimalizane naye kwa kumpa jina la msumbufu. Huenda haoni ubao, huenda hajala, huenda hajalala. Mara nyingi hajaelewa somo na amechoka kuonekana hajaelewa. Nina mwanafunzi aliyekuwa akichokoza wenzake kila tulipoanza kusoma kwa sauti, lakini nyakati nyingine hapana. Kusoma kulikuwa kunamsumbua, na kutolewa nje kulimuuma kidogo kuliko kusikika akikwama. Nikaanza kumpa aya yake siku moja kabla, akaiandae. Uchokozi ulipungua sana, bila mimi kuuzungumzia. Hapo nilifurahi kuliko ninavyofurahi darasa likinyamaza kwa woga.

Wazazi watafute mapema, na wasikie habari njema kwanza. Mzazi ambaye simu yako ya kwanza ilimwambia mwanawe amejibu swali gumu, atakusikiliza siku utakapompigia kwa jambo zito.

Majina pia. Chora mpangilio wa madawati, ujaze majina, uende nao mpaka uyajue yote. Ahadi chache, zote zitimizwe: ukisema utasahihisha kufikia Ijumaa, Ijumaa daftari ziwe mezani kwao, kwa sababu wanakupima kwa hilo kabla hujawapima kwa lolote.

Na unapoanza, mwombe mwalimu mkongwe ambaye darasa lake hutulia bila kufoka akuruhusu ukae nyuma kipindi kimoja. Usiangalie anafundisha nini. Andika alifanya nini dakika tano za mwanzo, alisimama wapi, alibadilishaje kazi moja kwenda nyingine. Kipindi kikiisha, mwulize kwa nini alimsogelea yule na kumwacha huyu.