Kabla ya kupeleka PDF kiwandani, kagua fonti

Wapiga chapa wengi wa Kariakoo watakuambia neno moja: geuza maandishi yote yawe michoro, ndipo ulete. Nawaelewa. Wamechoshwa na kadi ambazo jina la bibi harusi lilitungwa kwa herufi za madaha, likafika kwao limekuwa Arial. Kwa kadi, wafuate; ila kwanza hifadhi kazi asilia kwa jina jingine, maana mchoro hauhaririwi kama maandishi, na kamati huweza kuhamisha ukumbi kutoka Sinza hadi Mbezi usiku wa manane.

Kwa kitabu au ripoti, siwafuati. Herufi ikishakuwa mchoro, msomaji hawezi kutafuta neno wala kulinakili, na maandishi madogo ya pointi 8 huelekea kunenepa kwenye skrini. Mteja akitaka kuiweka ripoti hiyo mtandaoni, amepata picha ya maneno tu.

Mimi kazi ndefu huipachika fonti ndani ya PDF, yaani faili husafiri na herufi zake. InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, hufanya hivyo yenyewe, kwa kawaida ikichukua zile herufi zilizotumika tu. Kwenye Scribus, programu ya bure ya kazi hiyo hiyo, pitia sehemu ya Fonts kwenye dirisha la kutolea PDF uone ipi itapachikwa na ipi itageuzwa. Ukichagua PDF/X-1a au PDF/X-4, viwango vya PDF za kuchapwa, fonti zote sharti ziwemo. Kazi ikigoma, bora igomee mezani kwako.

Halafu kagua, na usiyaamini macho. Kwenye kompyuta yako fonti ipo, kwa hiyo PDF itaonekana safi hata kama haikubeba kitu. Ifungue kwa Acrobat Reader, bonyeza Ctrl+D, nenda Fonts. Kila jina lifuatwe na Embedded au Embedded Subset. Ukikuta AdobeSansMM au AdobeSerifMM, fonti yako haimo; hiyo ni kaimu tu. Wa Linux waendeshe amri ya pdffonts: safu ya emb isome yes mwanzo hadi mwisho.

Zipo fonti zinazokataa kabisa. Faili la fonti hubeba alama ya leseni inayoieleza programu kama kupachika kunaruhusiwa, na hizi tunazozipakua bure bila kusoma masharti ndizo zenye visa. Ikikataa kwenye kichwa cha habari, soma leseni, na ikiruhusu geuza kichwa hicho peke yake. Ikikataa kwenye maandishi ya ndani, badilisha fonti, tena mapema.

Wenye kazi za zamani wana mtihani mwingine. Adobe iliacha kuhudumia fonti za Type 1, muundo wa zamani wa faili za fonti, Januari 2023, hivyo InDesign mpya itadai fonti haipo ingawa umeisakinisha. Tafuta toleo lake la OpenType, muundo wa sasa, kisha pitia kurasa zote upya: upana wa herufi ukitofautiana kidogo tu, mistari hukatika kwingine na namba za kurasa kwenye yaliyomo hazilingani tena.